SOMO LA UFUGAJI: NDAMA WA CHUPA ANAPOANZA KULA



Wengi wetu tunaoishi katika makambi ya mashamba ya chai huku Toro na Ankole, magharibi mwa Uganda, tunafuga ng'ombe mmoja au wawili pembeni mwa kazi ya mshahara. Wako wanaonunua ndama dume kwa bei ndogo kwa wafugaji wa maziwa, maana mfugaji wa maziwa hana haja na dume. Wako wenye mtamba aliyefiwa na mama yake. Hao wote hulelewa kwa chupa. Wiki za kwanza tunajitahidi sana, lakini mwezi wa pili au wa tatu ndama anaanza kukonda, tumbo linatuna, manyoya yanasimama, na mara anakufa wakati mwenyewe ameshahesabu karo ya watoto mgongoni mwake. Watu husema ni bahati mbaya. Sisi tunaona kwamba mara nyingi chanzo ni jinsi tulivyomwanzishia chakula kigumu, na jambo hilo laweza kurekebishwa.

MATUMBO MANNE, LINALOFANYA KAZI NI MOJA

Ng'ombe mzima ana matumbo manne. La kwanza ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kama pipa la kuchachushia: ndani yake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao huyachachusha majani na nafaka mpaka yakawa nguvu ya mwili. Ndama anapozaliwa pipa hilo ni dogo na limelala. Linalofanya kazi ni tumbo la nne, ambalo linafanana na tumbo la binadamu. Ndama akinyonya, mfereji mdogo hujifunga ndani yake na kuyapeleka maziwa moja kwa moja mpaka tumbo la nne, bila kuingia katika lile pipa.

Tuufahamu vizuri mfereji huo. Mwenzetu mmoja, mchuma chai, alikuwa na ndama wa wiki tatu. Bei ya maziwa ilikuwa nzuri, akaona auze nusu, na ile nusu nyingine aijazie uji wa mahindi ndani ya chupa. Aliwaza hivi: mtoto wa binadamu hupewa uji, kwa nini ndama asipewe? Siku ya pili ndama alianza kuhara, na hakumaliza wiki. Mwenzetu hakuwa mzembe. Ndama yule alikuwa akioshwa kuliko watoto wa majirani. Kosa lilikuwa hili: kitu chochote kinachonyonywa kwa chupa hufuata mfereji na kuangukia tumbo la nne, na tumbo la nne la ndama mchanga haliwezi kumeng'enya wanga wa mahindi. Mahindi yale yale, kama angeyala kwa ulimi wake kutoka katika bakuli, yangeingia ndani ya pipa, na vijidudu wangeyafanyia kazi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba ndani ya chupa huingia maziwa tu. Chakula kigumu huliwa bakulini, wala hakikorogwi na maziwa.

Yako mengine ya kujua. Pipa halikui kwa sababu ya umri, hukua kwa sababu ya kazi. Nafaka inapochachuka hutoa asidi, na asidi hizo ndizo zinazootesha vinyweleo vidogo kwenye ukuta wa tumbo, vile vinavyofyonza chakula. Majani makavu hulipanua tumbo na kuupa msuli wake nguvu, lakini peke yake hayaoteshi vinyweleo vya kutosha. Ndiyo maana ndama aliyekatiwa maziwa mapema akaachiwa majani matupu huwa na tumbo kama ngoma na mgongo kama msumeno. Amejaza pipa ambalo halijajua kufanya kazi.

TUNAANZAJE

Tunadhani kila mmoja anajua habari ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza: ayapate ndani ya saa sita tangu kuzaliwa, na yasiuzwe wala kumwagwa. Baada ya hapo kiwango cha chini cha maziwa ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku. Ndama wa kilo 40 apate lita 4 zikiwa vuguvugu, asubuhi na jioni, na akipata zaidi atakua vizuri zaidi.

Siku ya nne wekeni ndoo ya maji safi. Wengi hudhani maziwa yanatosha kuwa maji. Hayatoshi, kwa sababu yanapita kwenye mfereji, na vijidudu wa pipa hawaishi pakavu. Ndama asiye na maji hali nafaka.

Siku hiyo hiyo anzeni kumfundisha kula. Wakati mzuri ni mara tu chupa inapokwisha, maana ndama bado anatafuta cha kunyonya. Chukua chakula kidogo kwenye vidole, umtie mdomoni, kisha shusha mkono taratibu mpaka ndani ya bakuli. Wiki ya kwanza atachezea tu, wala msikate tamaa. Wekeni konzi moja, si zaidi, na kila asubuhi kilichobaki apewe mama ng'ombe au kuku, bakuli lifutwe, kiwekwe kipya. Chakula kilicholala na kulowa mate huchacha, na ndama hukikataa.

Kwa kilo 10 za chakula cha kuanzia tunachanganya hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 5, soya iliyokaangwa na kupondwa kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 1 na nusu, pumba za mahindi kilo 1 na nusu, na juu yake konzi ya chumvi ya madini ya ng'ombe. Mahindi yaparazwe, yasisagwe kuwa unga. Unga humziba pua na kumkwama mdomoni. Soya mbichi haifai.

Wenzetu wa upande wa Kasese, ambako pamba inalimwa, hupata mashudu ya pamba kwa bei rahisi. Hayo msimpe ndama mchanga. Mbegu ya pamba ina sumu ambayo ng'ombe mzima huivunja makali ndani ya lile pipa, lakini ndama bado hana pipa. Urea pia ni mwiko. Na mahindi yaliyoota ukungu, yale tunayosema "si ya watu, yatafaa mifugo", hayafai hata kidogo.

Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mtaanza kumwona akicheua. Ndipo mumwekee majani makavu laini, au majani ya viazi vitamu yaliyonyaushwa juani. Matete marefu yana maji mengi, yatamshibisha kabla hajala nafaka. Yangojee.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa mashamba makubwa. Majani yaliyo kati ya mistari ya chai mara nyingi yamepigwa dawa ya magugu. Kabla ya kukata, muulizeni nyapara ni kitalu gani kilipigwa dawa, na lini. Kujua hilo ni haki ya mchuma chai mwenyewe, sembuse ndama, na wawakilishi wa chama walidai kwa maandishi. Magunia ya mbolea na madumu ya dawa msiyatumie kuwekea chakula wala maji, hata yakioshwa mara kumi.

KUMLIKIZA

Swali tunaloulizwa zaidi ni: nimkatie maziwa lini? Tunaelewa kwa nini linaulizwa. Lita 4 kwa siku, kwa siku 70, ni lita 280, na kila lita ina mnunuzi. Hata hivyo msihesabu siku peke yake. Pelekeni kopo dukani, lipimwe linachukua kilo ngapi za chakula chenu, kisha mpime anachokula. Akila kilo 1 kwa siku, siku tatu mfululizo, pipa liko tayari. Wengi hufika hapo kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Akiwa hajafika, kila lita mnayoiuza mnaikata kwenye mwili wake.

Ondoeni chupa ya jioni kwanza, muache ya asubuhi kwa wiki nzima, halafu nayo iondoke. Wanaofanya zamu wapange na wake zao au vijana wa nyumbani, ili saa zisiyumbe. Akianza kuhara msimkatie maziwa. Mpeni maji mengi, na mwiteni mganga wa mifugo.

Chakula hicho aendelee nacho mpaka mwezi wa nne. Na wiki ile anayoachishwa maziwa asihamishwe zizi, asihasiwe wala kukatwa pembe. Hayo yangoje wiki mbili nyingine.