Hina, Piko na Mwasho wa Ngozi ya Kichwa

Neno "asili" likiandikwa kwenye pakiti ya rangi ya nywele humwondolea mtumiaji hofu. Hata hivyo, mgonjwa anayefika zahanati akiwa na kichwa kinachowasha baada ya kupaka rangi hiyo huenda hakudhuriwa na jani, bali na kilichochanganywa nalo. Kutofautisha mambo hayo mawili ndiyo hatua ya kwanza ya tiba.

Chanzo cha mwasho

Hina hutokana na majani makavu ya mhina, ambao kitaalamu huitwa Lawsonia inermis. Rangi yake ni lausoni, nayo hutoa wekundu wa machungwa hadi kahawia baada ya saa kadhaa. Hina pekee haitoi weusi. Weusi wa mimea hupatikana kwa kuongeza majani ya mnili, nao pia hushika polepole.

Rangi nyeusi inayoshika haraka, ambayo wengi huiita piko au hina nyeusi, mara nyingi huwa na kemikali ya parafenilenidiamini, yaani PPD. Kemikali hii ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa rangi za nywele duniani. Ikimezwa ni sumu kali: huvimbisha uso na koo, na huweza kuharibu misuli na figo.

Hina halisi nayo huweza kuwasha. Unga ulioachwa ukauke kichwani hukwaruza ngozi, na ndimu au siki inayoongezwa huchoma palipochubuka. Wakati wa kiangazi Shinyanga, na penye vumbi na jasho la migodi midogo ya Geita, ngozi kavu hudhurika upesi zaidi.

Maswali ya mhudumu

Mgonjwa aulizwe kwa upole: Rangi ilichukua muda gani kushika? Iliongezwa nini? Mwasho ulianza lini? Amewahi kuchorwa piko? Ikiwezekana, alete pakiti.

Muwasho wa kawaida huanza ndani ya dakika au saa chache. Mzio wa PPD kwa kawaida hutokea baada ya siku 1 hadi 3, ukiambatana na malengelenge, majimaji, na uvimbe wa kope, masikio au shingo. Mtoto mwenye mabaka yasiyo na nywele na magamba achunguzwe mapunye, kwani hayo huhitaji dawa ya kumeza ya fangasi.

Kutuliza

Rangi ioshwe mara moja kwa maji mengi safi ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi kiwekwe kichwani kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Kucha zikatwe. Ndimu, spiriti, majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa visipakwe kamwe.

Mwasho mdogo hutulizwa kwa haidrokotisoni ya asilimia 1, mara 1 au 2 kwa siku, isizidi siku 7, bila kugusa macho. Uvimbe mkubwa au malengelenge yaliyoenea huhitaji daktari. Usaha, homa au tezi zilizovimba ni dalili za maambukizi.

Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hiyo ni dharura. Mtu mzima apewe adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kinga

Rangi mpya ijaribiwe kwanza: kiasi kidogo kipakwe kwenye kiwiko upande wa ndani na kusubiriwa saa 48. Aliyewahi kupata mzio asijaribu tena, kwa kuwa mzio wa PPD kwa kawaida hudumu maisha yote, na kila mguso unaweza kuwa mkali zaidi. Taarifa hiyo iandikwe kwenye daftari lake la matibabu, kwani baadhi ya dawa za ganzi za kupaka huweza kuamsha mzio uleule. Msusi naye avae glavu.

Unga usipakwe penye jeraha, wala usichanganywe kwa maji au vyombo vya mialo na makarasha ya dhahabu, ambavyo huweza kuwa na zebaki.

Watoto wachanga wasipakwe hina. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hupatikana zaidi katika maeneo ya malaria, ikiwemo Kanda ya Ziwa, na kwa mtoto mwenye upungufu huo lausoni inayopenya ngozi huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Macho ya njano, weupe wa viganja au mkojo mweusi baada ya hina ni sababu ya kumkimbiza hospitali.

Hakuna haja ya kuwakataza watu kujipamba. Kinachotakiwa ni muuzaji kutaja kilichomo, msusi kupima kwanza, na mhudumu kuuliza kabla ya kuandika dawa.