Masika Yakiisha, Tuta Lisilale

Juni ikiingia, watu wengi huweka jembe stoo wakasubiri vuli. Wanajinyima. Kipupwe, yaani Juni mpaka Agosti, ndicho kipindi kinachopendwa na kabichi, karoti, sukuma wiki na chainizi: jua limepoa, usiku una ubaridi, na ukungu ulioozesha nyanya wakati wa mvua umepungua nguvu. Kinachokosekana ni maji tu, na bustani ya nyuma ya jiko haihitaji mengi.

1. Shusha matuta. Wakati wa mvua tuliyainua ili maji yasituame. Sasa tengeneza matuta ya makingo: chimba ushuke kama sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi, na udongo unaoutoa uupange pembeni uwe kingo. Ndoo unayomwaga itabaki humohumo badala ya kukimbilia kwa jirani. Upana usizidi mita 1, ili ufikie katikati bila kukanyaga ndani. Udongo ulioshindiliwa huinyima mizizi hewa.

2. Lisha udongo. Mvua kubwa huizamisha naitrojeni chini kuliko mizizi inavyofika, na ndiyo sababu mojawapo ya majani ya chini ya sukuma wiki kugeuka manjano masika yanapokwisha. Changanya nusu debe la samadi kwa kila mita moja ya mraba. Iwe imeoza sawasawa, hasa ya kuku, maana ikiwa mbichi huunguza miche. Ukiishika na bado ina joto, iache kwanza.

3. Sia kwa zamu. Mchicha huwa tayari kwa wiki 3 hadi 4. Ukimwaga pakiti nzima siku moja, utakula mchicha mpaka uuchoke, kisha tuta libaki tupu. Sia kipande kidogo, na baada ya wiki 2 kingine. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo zitawanyike vizuri. Karoti isie palepale itakapokulia, kwa sababu ikihamishwa mizizi hugawanyika na kupinda. Sukuma wiki na kabichi zianzie kitaluni, zihamishwe jioni zikifikisha kama mwezi mmoja, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45.

4. Mwagilia asubuhi, shinani. Kisha tandaza nyasi kavu.

5. Geuza jani uangalie chini. Hii ndiyo kazi ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu hali ya ukavu huleta vidukari, na vidukari hujificha mgongoni mwa jani. Ukiwaona wachache, wapondeponde kwa vidole. Wakiwa wengi, koroga kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyizie jioni chini ya majani, na urudie baada ya siku chache. Waache wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi: wao na watoto wao hula vidukari. Kwenye nyanya, tafuta michirizi myeupe ndani ya jani. Hiyo ni kazi ya mdudu kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuwatesa wakulima wakubwa kwa wadogo. Chuma jani hilo mapema, lifunge kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani mpaka viwavi wafe. Usilitupe chini ya shina.

6. Soma hali ya hewa ya kwako. Pwani, upepo wa kusi hukausha na kulaza miche, kwa hiyo uzio mfupi wa makuti upande unakotokea upepo hufaa sana. Makete na Njombe shida ni sakitu. Kabichi na karoti huistahimili. Nyanya na maharage huungua. Yafunike kwa nyasi jioni, uyafunue jua likichomoza.

7. Kama huna uwanja, tumia kiroba. Toboa matundu chini, jaza udongo na samadi, panda miche mitatu ya sukuma wiki. Matembele nayo hukubali.

8. Chuma kwa adabu. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini, ukiacha manne au matano ya juu yaendelee kukua. Katika mchicha, chagua mashina mawili yenye afya kuliko yote, usiyaguse kabisa. Yakitoa mashuke na mashuke yakakauka, yapukuchue kwenye ungo, pepeta, na uhifadhi mbegu kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Ukavu wa kipupwe huzikausha vizuri kuliko msimu wa mvua, na vuli hutahitaji kununua pakiti. Nyanya za chotara usizihangaikie: mbegu zake hazizai kama mama.