Anwani ya IP Iliyoshambulia Seva: Inasakwaje, Inaripotiwa Wapi, na Kwa Nini Inaweza Kuwa Yako

Julai 2023, Wakenya wengi walijaribu kuingia eCitizen na wapi, haikufunguka. Huduma za serikali zilizotegemea mfumo huo zikakwama. Serikali ilithibitisha kwamba ulikuwa umeshambuliwa: seva zilimiminiwa maombi mengi hadi zikashindwa kuwahudumia wananchi. Ni kama mtu ajaze foleni ya benki na watu wasio na shida yoyote ya benki, ili wewe mwenye shida usifike dirishani.

Kama unatumia pesa za simu, habari hii inakuhusu. Kila unapotuma pesa au kulipa bili, kuna seva mahali inayokujibu. Leo tujifunze jinsi wanaolinda seva wanavyofuatilia anwani zinazoshambulia, na sehemu yako katika kazi hiyo.

Anwani ya IP ni nini?

Ni namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti, kwa mfano 203.0.113.45. (Usijali, hiyo imetengwa kwa ajili ya mifano tu, si ya mtu.) Ichukulie kama namba ya usajili ya matatu. Matatu ikigonga kibanda chako ikatoroka, unanakili namba. Namba itakuonyesha ni gari gani na limesajiliwa kwa jina la nani. Haitakuambia nani alikuwa kwa usukani.

Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo kiini cha somo hili: anwani ya IP inaonyesha shambulio limepitia wapi, si lazima nani amelifanya.

Seva inajuaje kwamba inashambuliwa?

Kila seva ina daftari lake, linaitwa logi. Kila anayebisha anaandikwa: anwani yake, saa, na alichotaka. Mteja wa kawaida hukosea nenosiri mara moja au mbili, kisha anakumbuka au anaomba kulibadilisha. Mshambulizi anaonekana tofauti:

- Anajaribu maneno ya siri mamia ndani ya dakika chache.
- Anajaribu akaunti nyingi tofauti kutoka anwani moja.
- Anabisha kurasa ambazo mteja hana haja nazo, kama ukurasa wa msimamizi wa mfumo.

Kuna programu zinazosoma logi na kuchukua hatua zenyewe. Fail2ban ni mojawapo, na ni ya bure. Kwa mipangilio yake ya mwanzo, anwani ikikosea mara 5 ndani ya dakika 10, inafungiwa nje kwa dakika 10. Lakini hapo umefunga mlango wako tu. Mwizi anahamia kwa jirani. Ndiyo maana kuripoti ni muhimu.

Ripoti inapelekwa wapi?

1. *Kwenye orodha ya pamoja.* AbuseIPDB ni tovuti ambapo walinzi wa seva duniani kote huripoti anwani zilizowashambulia. Kila anwani hupewa alama kutoka 0 hadi 100. Alama ikiwa juu, mashaka ni makubwa. Jirani wa mbali anapata onyo kabla hajabishiwa.

2. *Kwa mwenye anwani.* Anwani za Afrika husajiliwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius. Ukitafuta anwani kwenye daftari la usajili, liitwalo WHOIS, utaona kampuni inayoimiliki, na mara nyingi barua pepe ya kupokea malalamiko. Kampuni hiyo ndiyo inayoweza kujua ni mteja yupi alikuwa akiitumia.

3. *Kwa taifa.* Hapa Kenya, KE-CIRT, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupokea ripoti za mashambulizi ya mtandaoni.

Kama una duka dogo la mtandaoni na tovuti yako imeshambuliwa, ripoti yako iwe na anwani yenyewe, mistari ya logi jinsi ilivyo, na saa kamili. Kwa saa, usiandike "saa tatu usiku". Msomaji wa ripoti anaweza kuwa Ulaya, na hiyo tatu yetu ataisoma vingine. Andika tarehe, 21:14, na utaje kwamba ni saa za Kenya, ambazo ziko saa 3 mbele ya UTC. Anwani nyingi hubadilishwa mtumiaji kila mara. Ukikosea saa, anaweza kulaumiwa mtu asiyehusika.

Na usijaribu kulipiza kisasi kwa kuvamia kompyuta hiyo. Kuingia mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, hata kama yeye ndiye aliyeanza.

Mbona isifungiwe tu kila anwani mbaya?

Kwa sababu anwani za aina ya zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu na hazitoshi dunia nzima. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiifungia hiyo kwa sababu ya simu moja yenye virusi, umemfungia pia mama mboga anayengoja malipo yake. Kwa hivyo anwani ya namna hiyo huangaliwa kwa uangalifu: hufungiwa kwa muda mfupi, au anayeitumia huombwa uthibitisho zaidi.

Je, kama anwani mbaya ni yako?

Inawezekana, na hutajua. Mwaka 2016, kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera za ulinzi na rauta za nyumbani kwa kujaribu orodha ya maneno ya siri 60 na kidogo, yale ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Oktoba mwaka huo, jeshi hilo la vifaa vya watu wa kawaida liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi. Wenye kamera hawakuwa na habari.

Wikendi hii, fanya hivi:

- Badilisha nenosiri la kiwandani la rauta na kamera yako. "admin" si nenosiri.
- Ukishabadilisha, zima kifaa na ukiwashe tena. Mirai ilifutika kifaa kikizimwa, lakini kilichobaki na nenosiri la zamani kilitekwa tena upesi.
- Sasisha programu ya rauta, au mwombe fundi aliyeiweka akusaidie.
- Tafuta anwani yako ya IP kwa kivinjari ukiwa kwa Wi-Fi ya nyumbani, kisha iangalie AbuseIPDB. Ukiikuta imeripotiwa, usipanike. Huenda ni ya kushirikiwa. Fanya hatua za juu, kisha ijulishe kampuni inayokuuzia intaneti.
- Usitumie nenosiri moja kila mahali. Likivuja kwingine, watalijaribu hapa pia.

Kisha mwonyeshe jirani. Rauta yake ikitekwa, huenda nyote mnatumia anwani moja. Na kama kawaida, PIN yako ni yako peke yako: hata anayesema anachunguza shambulio hana haja nayo.