Jiko la Mkaa Lisilale Ndani

Juni na Julai, baridi inapoikamata Njombe, Makete na Limuru, jiko la barazani huhamia chumba cha kulala. Mlango hufungwa, dirisha huzibwa tambara, watu hujifunika. Asubuhi majirani hugonga bila kujibiwa. Maafisa afya wa nyanda za juu wameyaona haya mara nyingi mno, na kinachowauma zaidi ni kwamba jiko lingetolewa nje, watu hao wangeamka.

Neno kuu

Jiko la mkaa lisilale ndani.

Kinachoua

Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, haiwashi macho wala koo. Moshi wa kuni humkohoza mtu akakimbilia nje. Gesi hii haimwamshi. Huingia na pumzi hadi ndani kabisa ya mapafu, ikapita kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndiyo maana hata kidogo ni hatari.

"Mkaa umeshakolea"

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jiko huachwa nje mpaka moshi uishe, kisha huingizwa kwa imani kwamba sumu imetoka. Haijatoka! Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa gesi, na yaliyofunikwa majivu vilevile. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii. Kitambaa kibichi puani hakisaidii. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si la kutegemea. Mzazi na kichanga wapashwe joto kwa mablanketi na nguo nzito, si kwa makaa. Mjamzito naye huvuta gesi hiyo pamoja na mtoto aliye tumboni. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likiwa dogo, hata ikiwa ni "kwa muda tu".

Jenereta

Hutoa gesi ileile: ikae nje, mbali na milango na madirisha.

Dalili

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu. Wengi hudhani ni malaria. Wa chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, jiko ndilo la kushukiwa.

Akikutwa mtu amezimia

Mlango na madirisha yafunguliwe, atolewe nje haraka. Asinyweshwe maziwa wala maji, yatampalia. Apelekwe hospitali hata akizinduka, kwa sababu kwa hewa ya kawaida gesi huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu tu. Kwa oksijeni ya hospitali hupungua upesi zaidi. Mhudumu aambiwe mapema kwamba chumbani kulikuwa na jiko, maana kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri ilhali mgonjwa yuko katika hali mbaya.