Barua Rasmi kwa Paroko: Somo kwa Wanafunzi wa Kidato cha Sita

Baadhi yenu mmepewa kazi ya utafiti kabla ya kuhitimu, na mmetuuliza namna ya kuandika barua ya kuomba ruhusa. Tuchukue mfano mmoja. Mwanafunzi wa Historia anataka kujua jinsi majina ya ubatizo yalivyobadilika parokiani kwake kati ya mwaka 1960 na 1980. Vitabu anavyovihitaji viko ofisini kwa paroko.

Umbo la barua mnalijua: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mpokeaji kushoto, salamu, kichwa cha habari, maelezo, sahihi na jina. Msisahau mstari wa "Kupitia kwa: Mkuu wa Shule". Humwonyesha paroko kwamba shule inaijua kazi hiyo. (Je, "Tumsifu Yesu Kristo" inafaa katika barua rasmi? Kwa paroko, ndiyo. Kwa mtendaji wa kata, "Ndugu" inatosha.)

Ugumu uko kwenye maelezo. Rasimu nyingi tunazoletewa husema hivi tu: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kusoma vitabu vya ubatizo kwa ajili ya utafiti wangu." Paroko akikataa, tusimlaumu. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaka aangalie vitabu vya parokia visiangukie mikononi mwa watu wasiohusika. Tena kwa kanuni ya 877, mtoto wa mama asiyeolewa anaweza kuandikwa bila jina la baba. Mtoto huyo leo huenda ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo, na hata wanawe hawajui habari hiyo.

Basi barua ilijibu hofu hiyo kabla haijatamkwa:

"Naomba kuhesabu majina ya ubatizo yaliyoandikwa mwaka 1960, 1970 na 1980. Sitanakili majina ya ukoo wala ya wazazi. Niko tayari kusomewa majina na katibu wa parokia bila kukishika kitabu. Nitakuletea kazi yangu uisome kabla sijaikabidhi shuleni."

Sentensi ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu mwombaji anajipunguzia mwenyewe kile anachoomba. Aristotle alifundisha kwamba msemaji huaminiwa kutokana na hotuba yenyewe, si kwa sifa aliyokuja nayo. Ni habari njema kwa kijana ambaye paroko hamfahamu.

Pelekeni barua mapema, walau wiki tatu kabla, na msiipeleke Jumamosi jioni wakati wa maungamo. Jibu likiwa hapana, andikeni barua fupi ya kushukuru, kisha mwaulize wazee wa jumuiya majina ya ubatizo ya rika lao. Wengi watayataja wenyewe, pamoja na sababu za kupewa majina hayo, ambazo hata kitabu cha parokia hakina.