SOMO: KWA NINI KAHAWA INGINE INAELEA?



Kila msimu, kwenye kituo cha kuoshea kahawa, maneno hayakosi. Mkulima anafika na ndoo ya matunda mekundu, yanamwagwa ndani ya maji, mengine yanaelea, na yale hayapimwi pamoja na mazuri. Wengine wanasema: "Mnatuiba kilo!" Leo tujifunze kazi ya yale maji.

Si ukubwa unaozamisha kitu. Kwenye ziwa Kivu mtumbwi mkubwa unaelea, lakini msumari mdogo unazama. Tunaangalia uzito wa kitu pamoja na nafasi kinayoichukua. Lita 1 ya maji ina kilo 1. Kitu kinachojaza nafasi ya lita 1 na kuzidi kilo 1, kinazama. Kisipofika kilo 1, maji yanakisukuma juu.

Tunda lililoiva vizuri lina mbegu zilizojaa: linazidi maji kidogo, basi linazama. Lililotobolewa na skoliti (kile kidudu cheusi kinachoingilia kwenye kitovu cha tunda), lililokaukia mtini au lenye mbegu tupu, liko na hewa ndani: linaelea. Kwa macho tu yanaweza kufanana.

Tufanye hivi nyumbani, siku ileile ya kuvuna:

1. Tujaze beseni maji safi.
2. Tumwage matunda kidogo kidogo, tukoroge kwa mkono ili hewa iliyoshikamana nayo itoke.
3. Tuondoe yote yanayoelea.
4. Yaliyozama tuyachague tena kwa mkono. Maji hayajui rangi: tunda bichi linazama, jiwe pia linazama.
5. Tuyachuje, tuyapeleke kituoni bila kulaza.

Yanayoelea tusiyatupe shambani, maana skoliti wataendelea kuzaana. Tuyatie ndani ya maji yanayochemka, kisha tuyakaushe pembeni. Ni kahawa ya daraja la chini, tusiichanganye na ile nzuri.

Tena, tuhesabu matunda 100 kabla ya kuyatia majini. Kama 20 yanaelea, shamba linatuambia liko na shida: tuokote yaliyoanguka chini, tuvune yaliyobaki mtini.

Mkulima aliyeeleza kahawa yake nyumbani anafika kwenye mizani akijua kilo zake. Hapo ugomvi utatoka wapi?