Kiingereza Kinapokwama Kooni

SOMO LA KIKUNDI

Lengo: Kila mwanakikundi aweze kuuliza swali lake ofisini bila kushindwa na woga wa lugha.

Miaka kadhaa iliyopita niliwasindikiza akina mama wa kikundi kimoja cha hapa Uasin Gishu kwa mkopeshaji mjini Eldoret. Ulikuwa mwezi wa nne, mahindi ndiyo kwanza yanapandwa. Afisa alieleza masharti kwa Kiingereza tupu. Mweka hazina, mama ambaye kwenye baraza hanyamazishwi na mtu, alikuwa na swali moja tu: tutaanza kulipa lini? Lakini mbele ya ile meza maneno yakampotea. Akasema "yes, yes", akatia sahihi. Kumbe malipo yalianza mwezi uliofuata, na mahindi yetu huvunwa kuanzia mwezi wa kumi! Ikabidi kuku na kondoo wauzwe.

Na mimi je? Nilikuwa nimeketi kando yake na diploma yangu. Nilinyamaza, nikiogopa kukosea Kiingereza mbele ya yule afisa. Ndiyo sababu naandika somo hili.

Kwa nini maneno hupotea?

Mtu akiogopa, moyo hupiga mbio na mdomo hukauka. Tena akili haiwezi kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Ukilijaza debe makapi, mahindi utayatia wapi? Ndivyo ilivyo ukijaza akili kwa wazo la "watanicheka".

Ugonjwa huu si wa wanakijiji peke yao. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wawili huko Marekani walichapisha maswali 33 ya kupima woga huu. Waliwachunguza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas waliokuwa wakijifunza Kihispania. Walitaja hofu ya kudharauliwa na wengine kuwa sehemu ya woga huo.

Kwetu kuna jambo zaidi. Wengi wetu tulivishwa kibao shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu za namna hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind, mwaka huohuo wa 1986. Kibao kilivuliwa zamani, lakini aibu ilibaki.

Tufanye nini?

1. Andikeni maswali yenu nyumbani, kwa lugha mnayoielewa vizuri. Kama lazima Kiingereza, sentensi fupi mbili zatosha.

2. Fanyeni mazoezi kwa sauti. Mmoja awe afisa, tena afisa mkali. Kusoma kimoyomoyo hakuzoeshi ulimi.

3. Nendeni wawili. Mmoja aulize, mwingine aandike. Mwenzako akikwama, dakia swali lake. Usinyamaze kama mimi.

4. Ukikwama, vuta pumzi polepole, uitoe polepole, kisha sema: "Tafadhali rudia." Hiyo si aibu.

5. Ombeni Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mkopeshaji wa binafsi naye mwombeni kwa heshima. Anataka pesa zake zirudi, kwa hiyo inamfaa mkimwelewa.

6. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Ombeni kwenda nayo nyumbani, isomwe mbele ya kikundi kizima.

Mwaka uliofuata mama yule alirudi pale pale. Safari hii alisema kwa Kiswahili, "Bwana, sisi hulipa tukishavuna." Afisa akacheka, akajibu kwa Kiswahili safi kuliko chetu! Malipo yakapangwa kuanza mwezi wa kumi na mbili.

Maswali ya kujadili

- Ni wapi ulisema "ndiyo" bila kuelewa? Ilikugharimu nini?
- Katika kikundi chetu, ni nani hunyamaza kwa sababu ya lugha? Tunamcheka au tunamsaidia?
- Safari ijayo ya ofisini, nani atauliza na nani ataandika? Wachagueni leo, kabla hamjatawanyika.

Kuuliza si ujinga.